TAA INAYOZIMIKA YENYEWE



Zamani, koroboi ilipofifia ulijua sababu. Ulitazama mafuta. Ulitazama utambi. Kama utambi ulikuwa umeungua, uliuvuta kidogo kwa ncha ya kijiti, na moto ukapanda. Koroboi haikuwa na siri. Ilikuwa na moshi tu, na moshi huo uliingia machoni na kifuani mwa watoto waliosoma karibu nayo.

Leo nyumba nyingi za Gonja zinatumia umeme. Wengine wana umeme wa TANESCO, wengine wana umeme wa jua. Na balbu wanazonunua ni zile nyeupe zinazoitwa LED. Balbu hizi hazina waya mwembamba wa kuwaka ndani, kama balbu za kioo za zamani. Tena zinakula umeme kidogo. Balbu ya zamani ya wati 60, ukiiwasha kwa saa 4 kila usiku, hula uniti 7 na zaidi kidogo kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga karibu sawa na huo, nayo hula uniti 1 hivi. Kila anayenunua umeme wa LUKU anaijua tofauti hiyo mfukoni mwake.

Lakini balbu hii inapougua, haisemi wazi kama koroboi.

Tuseme uko Maore, chini kule bondeni, mwezi wa Februari. Ni saa 1 usiku. Umewasha taa. Mtoto amefungua daftari. Baada ya nusu saa taa inazimika. Hakuna aliyegusa swichi. Mnangoja gizani. Baada ya dakika chache inawaka yenyewe. Kisha inazimika tena.

Mtu mmoja anasema umeme ni mbovu. Mwingine anasema umeuziwa balbu feki. Wa tatu ana bisibisi mfukoni. Anasema, "Lete niifungue. Ndani mna kitu kinachoizuia. Nitakitoa."

Usimpe bado. Kwanza tuijue balbu yenyewe.

DEREVA NA NDIVA

Ndani ya balbu ya LED mna sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kibao cha bati jepesi chenye vipande vidogo vya rangi ya njano, kama punje za mahindi. Punje hizo ndizo zinazotoa mwanga. Ajabu ni kwamba punje yenyewe hutoa mwanga wa buluu. Ile njano iliyopakwa juu yake ndiyo inayougeuza mwanga huo uonekane mweupe. Mwanga mwekundu wa namna hii ulionyeshwa mwaka 1962 na Nick Holonyak wa Marekani. Wa buluu uliwasumbua wataalamu miaka mingi. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Bila wao tusingekuwa na taa hizi nyeupe.

Sehemu ya pili imejificha kwenye shingo ya balbu. Mafundi huiita draiva, maana yake dereva. Jina hilo linafaa. Punje za mwanga haziwezi kujiendesha zenyewe. Umeme unaokuja ukutani ni wa volti 230, nao huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa sekunde moja. Punje moja inataka volti 3 hivi tu, tena umeme uende upande mmoja, kwa kipimo kilekile bila kupanda wala kushuka.

Wewe wa Upare utaelewa kazi ya dereva huyu upesi kuliko mtu wa mjini, kwa sababu unazijua ndiva. Mfereji unaleta maji kutoka mtoni usiku kucha. Ndiva inajaa. Asubuhi mwenye zamu anafungua, na maji yanakwenda shambani kwa kipimo. Kama ungeuachia mto wote uingie shambani kwa pamoja, ungebeba udongo na mahindi yenyewe. Na kama ungetegemea kijito kidogo bila ndiva, maji yangekauka kabla ya kufika mwisho wa shamba.

Ndani ya dereva wa taa mna ndiva pia. Inaitwa kapasita. Ina umbo la kopo dogo. Umeme unapokuja kwa nguvu, kapasita inajaa. Umeme unapopungua kidogo, kapasita inatoa ulichonacho, ili mwanga usikatike. Hilo linatokea mara 100 katika kila sekunde. Halafu kuna chipu ndogo nyeusi. Hiyo ndiyo mwenye zamu anayekaa mlangoni mwa ndiva. Inapima umeme unaotoka, na kuhakikisha punje hazipati zaidi ya haki yake.

KWA NINI JOTO NI ADUI

Watu wengi hudhani kwamba balbu ya LED haina joto. Gusa mbele, ni vuguvugu tu. Lakini gusa shingo yake baada ya saa moja, utaondoa mkono. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia hugeuka kuwa joto, na joto hilo haliondoki pamoja na mwanga kama lile la balbu ya zamani. Linabaki nyuma, kwenye kibao na kwenye shingo. Lisipopata njia ya kutoka, linajikusanya palepale alipo dereva.

(Hapa niwakumbushe wafugaji. Balbu ya LED haifai kuwapa joto vifaranga. Mwanga watapata, lakini watakufa kwa baridi.)

Joto hilo huleta mambo mawili.

Jambo la kwanza ni tabia ya punje zenyewe. Waya wa balbu ya zamani ukipata moto, huuzuia umeme zaidi, hivyo unajitunza wenyewe. Punje ya LED ni kinyume. Ikipata moto, inapitisha umeme mwingi zaidi kwa volti zilezile. Umeme huo mwingi unaleta moto zaidi. Moto zaidi unaleta umeme zaidi. Kama hakuna wa kuizuia, punje itakula mpaka ipasuke. Ndiyo sababu ya kumweka mwenye zamu mlangoni.

Jambo la pili ni kapasita. Ndani yake mna maji ya dawa. Joto huyakausha polepole. Mafundi wana kanuni yao: ukiongeza joto la nyuzi 10 za Sentigredi, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Piga hesabu. Tuseme kapasita ingeishi usiku 2,000. Ongeza nyuzi 10, itaishi usiku 1,000. Ongeza nyingine 10, itaishi usiku 500. Kapasita iliyokauka ni kama ndiva iliyojaa tope. Ipo, lakini haina nafasi ya maji. Mwanga unaanza kutetemeka. Balbu nyingi unazozitupa zina punje nzima kabisa. Kilichokufa ni dereva.

MLINZI

Sasa turudi kwenye ile taa ya Maore iliyozimika yenyewe.

Watengenezaji wa chipu nzuri wameweka ndani yake kipima joto. Chipu ikifika nyuzi 150 hivi, inajua hatari imefika. Kumbuka kwamba maji ya chai huchemka kwa nyuzi 100 hivi. Hapo chipu hufanya moja kati ya mambo mawili. Nyingine hupunguza umeme kidogo kidogo, na wewe unaona mwanga umefifia. Nyingine hukata umeme wote. Taa inazimika. Chipu inangoja joto lishuke, mara nyingi kwa nyuzi 20 au 30, kisha inafungua tena.

Kwa hiyo taa inayowaka nusu saa, ikazimika, ikarudi, ikazimika, inakuambia neno moja: "Nimechoka na joto." Kile kitu ambacho jirani yetu mwenye bisibisi anataka kukitoa ndicho kinacholinda nyumba.

Mara nyingi kipima joto kimo ndani ya chipu, naye hataweza kukitoa. Basi atatafuta kingine. Kwenye shingo ya balbu huwa kuna fyuzi ndogo. Hiyo imewekwa ili iungue yenyewe, ikate umeme, kama dereva amepata kasoro kubwa. Wako wanaoiondoa na kuunga kipande cha waya mahali pake. Balbu inaweza kuwaka tena, na mwenye nyumba anafurahi. Lakini siku kapasita itakapopasuka, au chipu itakaposhika moto, hakuna cha kukata umeme ndani ya balbu. Plastiki ya shingo inayeyuka. Holda inaungua. Juu ya holda ni mbao za paa, na chini yake pengine ni chandarua na godoro.

Balbu ni ya shilingi elfu chache. Usiilinganishe na nyumba.

TAFUTA KASORO ILIPO

Huhitaji bisibisi ili kujua kasoro ya taa. Unahitaji macho, saa, na daftari.

Swali la kwanza ni hili: je, ni taa moja au zote? Kama taa zote za nyumba zinapepesa kwa pamoja, usizilaumu balbu. Uliza jirani. Kama na kwake ni hivyo, basi umeme wa njia nzima umeshuka, au waya wa nje umelegea, na hiyo ni kazi ya TANESCO. Kama ni nyumba yako tu, huenda waya umelegea karibu na mita au swichi kuu. Usiipuuze hali hiyo. Waya uliolegea hutoa cheche, na cheche huchoma nyumba. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kama ni taa moja tu, ibadilishe mahali. Zima swichi. Ngoja balbu ipoe. Ipeleke kwenye chumba kingine, na balbu ya chumba kile uilete hapa. Ikiwa kasoro imefuata balbu, balbu ndiyo mgonjwa. Ikiwa kasoro imebaki palepale, mgonjwa ni holda, swichi, au mahali penyewe pana joto.

Kisha tazama saa. Taa inayokatika baada ya dakika 20 au 30, na usiku wa manane ikawa nzima, ina tatizo la joto. Taa inayopepesa upesi tangu sekunde ya kwanza haina tatizo la joto, kwa sababu haijapata muda wa kupata moto. Hiyo huenda ina punje iliyokatika. Punje zimeungwa kwa mstari, kama watu walioshikana mikono. Mmoja akiachia, mstari umekatika. Dereva anajaribu kusukuma umeme, anaona haupiti, anaacha, anajaribu tena. Ndiyo kule kupepesa. Mara nyingi utaiona punje yenyewe: ina doa jeusi katikati.

Mafundi wengi hulipita lile doa kwa risasi ya kulehemu, na taa ikawaka. Mara moja inaweza kusaidia. Lakini jua gharama yake. Katika balbu za bei nafuu, volti ambazo punje ile ilikuwa inazibeba sasa zinabebwa na chipu. Chipu inazidi kupata moto. Baada ya majuma machache balbu hiyohiyo itaanza kuzimika na kuwaka, na wewe utadhani ni ugonjwa mpya.

Kuna dalili moja ambayo watu huichekea. Umezima swichi, lakini balbu bado inang'aa kidogo sana gizani, kama jicho la paka. Usicheke. Mara nyingi maana yake ni kwamba aliyefunga umeme ameiweka swichi kwenye waya wa nyutro badala ya waya moto. Taa imezimwa, lakini umeme ungali umefika kwenye holda. Siku utakapobadilisha balbu ukidhani umezima, vidole vyako vinaweza kugusa volti 230. Jambo hilo lirekebishwe na fundi upesi. Na mpaka lirekebishwe, usibadilishe balbu pale bila kuzima swichi kuu.

PAA LA BATI

Chukua balbu mbili zilizotoka kiwanda kimoja. Moja ifunge Bombo, kule juu mlimani ambako usiku unataka blanketi. Nyingine ifunge Maore. Ile ya Maore ina kazi ngumu zaidi. Na kama nyumba haina dari, kazi ni ngumu mara mbili. Jua limelipiga bati mchana kutwa. Saa 1 usiku joto lililo chini ya bati bado halijatoka. Na balbu imening'inia palepale juu, karibu na bati, shingo yake ikielekea kwenye joto.

Ishushe. Fundi anaweza kurefusha waya ili balbu ikae mkono mmoja au zaidi chini ya bati. Mwanga pia utafika vizuri zaidi kwenye daftari la mtoto.

Usiifunge balbu ya LED ndani ya kibuyu cha kioo kilichozibwa pande zote, isipokuwa imeandikwa kwamba inafaa. Usiivishe karatasi wala kitambaa ili kupunguza mwanga. Kama mwanga ni mkali mno, nunua ya wati ndogo. Ifute vumbi na utando wa buibui ikiwa imezimwa na imepoa. Jikoni iweke mbali na mafiga, maana moshi wa kuni huacha masizi, na masizi huzuia joto kutoka.

Joto hili si shida ya Maore peke yake. Dubai, ambako ndugu zetu wengi wa Pwani huenda kutafuta kazi, ni moto kuliko hapa. Mwaka 2016 mji ule na kampuni ya Philips walitangaza balbu ya namna mpya. Waliongeza idadi ya punje ndani, kisha wakaipa kila punje umeme kidogo. Balbu yao ya wati 3 ilikusudiwa kushika nafasi ya balbu ya zamani ya wati 60. Punje isiyobebeshwa mzigo mzito haipati moto, na isiyopata moto hudumu. Hivyo ukiwa dukani na una balbu mbili zenye mwanga sawa, chagua yenye wati chache.

SOMA KABLA YA KULIPA

Wewe uliyejifunza kusoma una nguvu ambayo muuzaji mjanja haipendi. Geuza boksi. Tafuta alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tafuta wati. Tafuta volti: inafaa paandikwe 220-240 au karibu na hapo.

Taa nyingine kubwa, kama zile za zahanati, shule au kanisa, zina dereva wa kukaa peke yake, kijisanduku chenye waya pande mbili. Juu yake mna maandishi madogo. Herufi ta na namba yake zinaonyesha joto la juu la hewa ambalo dereva anaweza kuvumilia. Herufi tc zinaonyesha joto la juu linaloruhusiwa kwenye ngozi ya kijisanduku chenyewe. Ukiona pembetatu ndogo yenye namba ndani, kwa mfano 110, ujue dereva huyo ana mlinzi wa joto, na ngozi yake haitaruhusiwa kupita nyuzi hizo. Kamati ya kijiji inaponunua taa za chumba cha kujifungulia, mmoja wa wajumbe aulize juu ya pembetatu hiyo. Mkunga hawezi kumwambia mtoto angoje taa ipoe.

Wenye umeme wa jua nao waangalie betri kabla ya balbu. Betri ikiisha nguvu, dereva wa taa hukata umeme, na taa inapepesa au kuzimika. Ukiichaji betri na kasoro ikaondoka, balbu haina kosa.

Mwisho, usiifungue balbu ikiwa kwenye holda, wala mara tu baada ya kuitoa. Kapasita ile, ndiva yetu, huweza kubaki na umeme wa volti 325 hata baada ya balbu kung'olewa. Balbu mbovu wasipewe watoto kuchezea.

Na sasa chukua kalamu. Kwenye shingo ya balbu yako andika tarehe uliyoinunua na jina la duka. Katika daftari andika siku iliyoanza kuzimika, na saa. Ukirudi dukani na maandishi hayo, muuzaji atakusikiliza kwa namna nyingine.